Honda ya Babu au Mpya Yenye Sura ya Zamani?

Kimya changu hakikuwa cha ubaya, ni majaribio matatu yaliyobanana ndani ya wiki moja, na mwalimu mtarajiwa wa Fizikia na Hisabati hawezi kwenda kwenye majaribio kishkaji. Nimemaliza, nimelala, nimeamka. Sasa nina jambo ambalo limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita, nikaona nilimwage hapa.

Jambo lenyewe ni pikipiki.

Naam, pikipiki. Mwakani nikijaliwa namaliza chuo hapa Mkwawa, na kila aliyekwenda BTP anajua kitu ambacho hakuna kozi inayokifundisha: shule iko mbali na pa kulala, na pa kulala pako mbali na kila kitu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilitembea saa moja na dakika kumi asubuhi, na jioni hivyo hivyo. Kipindi cha kwanza naingia suruali imelowa umande mpaka magotini. Watoto wanakutazama tu, wanakuonea huruma. Nikajiapiza kwamba sitaripoti kituo chochote, cha ajira au cha kujitolea, bila usafiri wangu mwenyewe.

Akiba yangu ni shilingi 1,150,000. Ni mabaki ya bumu ya miaka miwili na hela ya tuisheni niliyofundisha likizo. Kwa mwanafunzi si haba. Kwa muuza pikipiki ni salamu tu.

Mbele yangu yapo mawili.

La kwanza ni Honda CG 125 ya babu, ya mwaka 1982. Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kilolo, sasa amestaafu. Aliinunua mwaka 1991 kwa mzungu mmoja wa mradi aliyekuwa anarudi kwao. Imebeba mitihani, imebeba wagonjwa, imembeba bibi na mtoto mgongoni na gunia la viazi nyuma yake. Sasa ina miaka sita haijawaka. Iko kwenye banda pamoja na kuni, na kuku mmoja amefanya siti yake kuwa kiti cha enzi.

La pili liko mjini, kwenye duka moja ambalo nimepita mbele yake mara nyingi mpaka mlinzi ananisalimia. Ni pikipiki mpya ya Kichina, cc 150, iliyotengenezwa ifanane na za zamani. Taa ya mbele ya duara, tenki la mviringo lenye rangi ya maziwa na mstari mwekundu, siti ndefu iliyonyooka, rimu za spoku, madigadi za chuma zinazong'aa. Wadau, ni bomba! Ukiitazama unasikia kama umeona picha ya harusi ya wazazi wako.

Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyeniambia kwamba huu ni mtindo wa dunia nzima. Nikafuatilia, maana mimi nikishaanza kusoma kitu sikiachi. Kumbe kweli. Waingereza walikuwa na pikipiki inaitwa Triumph Bonneville, ilitoka mwaka 1959. Kiwanda chake cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Jina likanunuliwa, kiwanda kipya kikajengwa Hinckley, na mwaka 2001 ikaja Bonneville mpya yenye sura ile ile ya zamani. Sheria za moshi zilipokaza, wakaondoa kabureta na kuweka mfumo wa kompyuta wa kunyunyizia mafuta. Lakini sikiliza hapa: mfumo huo mpya wakaufunika ndani ya maumbo ya kabureta! Yaani mtu akiinama aone kabureta, wakati kabureta haipo.

Wahindi nao wana Royal Enfield. Ilianza kwa Waingereza, na jina la Bullet ni la tangu 1932. Mwaka 1955 zikaanza kuunganishwa Madras, kiwanda cha Redditch kule Uingereza kikakoma mwaka 1967, Wahindi wakaendelea kuunda kama vile hawajapata habari. Classic 350 iliyotoka mwaka 2021 ukiiona utasema ni ya wakati wa ukoloni. Ila haina kiki. Ni selfu tu. Sura ya babu, mguu wa mjukuu.

Nikajiuliza, watu hawa wananunua nini hasa? Nikaona wananunua kumbukumbu iliyoondolewa usumbufu. Uzee bila kutu. Harufu ya zamani bila oili kuchuruzika sakafuni. Na sisemi kwa kuwacheka, maana na mimi nilikuwa nimesimama pale dukani mate yananitoka.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikwenda kwa fundi wangu wa Ipogolo nikiwa na methali hiyo mdomoni, nikitegemea aniambie ile mpya ni pambo tu. Fundi huyu amefungua injini za bodaboda nyingi kuliko vitabu nilivyofungua mimi. Tukaenda naye dukani. Akachuchumaa, akatazama ubavu wa injini, akapapasa chini ya tenki, akacheka.

"Dogo," akasema, "hii na ya babu yako ni mtu na mjukuu wake."

Nikadhani ananitania. Akanieleza, na jioni nikaenda kusoma mwenyewe. Ni hivi. Kabla ya CG, Honda walikuwa na injini za 125 ambazo kekee ya valvu, ile inayozifungua na kuzifunga, iko juu kabisa kwenye kichwa cha silinda, inazungushwa na cheni ya taimingi. Ni injini nzuri, ila inataka oili safi na cheni inayoangaliwa. Wahandisi wao wakatembelea nchi ambazo pikipiki si starehe bali ni kazi, wakakuta watu hawabadilishi oili, wanapakia mizigo kupita kiasi, wanasafisha chujio la hewa siku ikiziba. Badala ya kuwalaumu watu, wakabadilisha injini. Kekee wakaishusha chini, na juu yake wakaweka vijiti viwili virefu vinavyosukuma valvu. Ni ufundi wa kizamani hata kwa wakati ule. Mnyororo wa nyuma wakaufunika wote usile vumbi. Ndiyo CG 125, ikaingia sokoni katikati ya miaka ya 1970.

Muundo ule ukawa mama wa injini chungu nzima. Pakistan wameendelea kuunda CG 125 mpaka miaka hii ya 2020. Wachina nao wakauchukua, wakaukuza ukawa cc 150 na zaidi, na sehemu kubwa ya bodaboda za Kichina zilizomwagika kwetu zilikuja na injini ya ukoo huo. Ile ya dukani, chini ya rangi yake ya maziwa, ina vijiti viwili vile vile.

Kwa hiyo methali yangu ikakwama. Ndani ya mkakasi hakukuwa na kipande cha mti. Kulikuwa na Honda ya babu! Nilikuwa nimejipanga kuchagua kati ya ya kweli na ya kuigiza, kumbe ni ukoo mmoja, mmoja kazeeka na mwingine kavaa nguo za mzee. Sasa unachagua kwa kigezo gani?

Nikapanda gari nikaenda Kilolo kumuuliza mwenyewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kamwene. Umekuja kufuata viazi au umekuja kufuata pikipiki?"

Habari zilishamfikia. Mama hawezi kukaa na jambo. Nikamweleza yote, nikamwambia na habari za Bonneville, nikamwambia kwamba siku hizi vitu vya zamani vina thamani, ya kale ni dhahabu, watu wanalipa pesa nyingi kupata hata sura yake tu. Nilitegemea afurahi. Babu akanyamaza, akasokota tumbaku yake taratibu. Halafu akasema kitu ambacho bado nakitafuna mpaka leo.

"Wewe unasema ya zamani. Mimi sikununua ya zamani. Mimi nilinunua pikipiki."

Akaendelea. Mwaka ule wa 1991, alisema, alikuwa na njia mbili, hii Honda na nyingine kubwa zaidi, yenye sauti nzuri, ambayo kila kijana kijijini aliitamani. Akachukua Honda kwa sababu mafundi wawili aliowajua waliweza kuifungua, na kwa sababu pesa aliyokuwa nayo ilitosha bila kumkopa mtu. "Kama unanipenda," akasema, "usiipande kwa sababu ni yangu. Uliza nilichouliza."

Bibi akadakia kutoka jikoni, "Mume wangu, ukiichukua unisaidie na yule kuku wake, ananiwekea mayai kusikojulikana."

Basi nimekaa na daftari hapa geto nikauliza alichouliza babu. Nawawekea hesabu zote wazi, mwenye macho aone.

Swali la kwanza, pesa. Mpya inauzwa 3,200,000 taslimu. Sina. Muuzaji akanipa njia ya pili: weka 1,000,000, halafu 60,000 kila wiki kwa wiki 52. Nikapiga hesabu palepale mbele yake: 1,000,000 na 3,120,000 ni 4,120,000. Yaani nalipa 920,000 zaidi, karibu akiba yangu yote, kwa ajili ya kutokuwa na pesa. Akaniambia nimpe kijana aendeshe bodaboda, itajilipa yenyewe. Inawezekana. Lakini mimi nataka pikipiki ya kunipeleka kazini, si kazi ya kuipeleka pikipiki sokoni. Na mdhamini wanayemtaka ni mama na kiwanja chake. Hapo nikafunga mdomo.

Ya babu: amesema nimpe laki tatu, anunue mabati ya banda. Hakutaka bure. Anasema cha bure hakiangaliwi. Fundi alikuja naye akaikagua, akaniandikia hivi: tairi mbili na mipira yake 140,000. Breki shuu za mbele na nyuma pamoja na kebo 40,000. Cheni na sproketi 45,000. Betri, nyaya na taa 75,000. Kabureta, platini na plagi 30,000. Pistoni na ringi 60,000. Ufundi 90,000. Jumla 480,000. Ukiweka za babu inakuwa 780,000. Inabaki 370,000 ya leseni, bima, kubadilisha umiliki na kofia ngumu ya maana, si ile ya plastiki inayopasuka ukiidondosha mezani.

Swali la pili, ikizima porini. Hapa ya babu inashinda kwa kitu cha ajabu, kwamba bodaboda zimeifufua. Wakati babu anastaafu alikuwa akiagiza spea Dar. Leo kwenye kila kituo chenye bodaboda tano kuna kibanda chenye plagi, ringi, kebo na breki shuu za ukoo wake. Fundi ananionya kwamba si zote zinaingia, nyingine zinataka kupimwa kwanza na nyingine zina chuma laini. Lakini nyingi zinaingia. Ile mpya nayo injini yake ina spea zile zile. Shida ni ule urembo. Tenki lile likibonyea, taa ile ikipasuka, siti ile ikichanika, hakuna kibanda chenye mfano wake. Sura ndiyo ngumu kupata, siyo roho. Nani angedhani?

Swali la tatu, kusimama na kuona njia. Na hapa sitaki kumdanganya mtu, mpya inashinda kabisa. Ina breki ya diski mbele. Ukiigusa, inashika. Ya babu ina breki za shuu mbele na nyuma, na zikipita kwenye maji zinachukua muda kukauka na kukamata tena. Taa ya mpya inamulika hata ukiwa mwendo wa kobe. Ya babu inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini, ukipunguza mafuta na yenyewe inafifia, na ni kwenye kona ndipo unapunguza mafuta. Ukungu wa Kilolo mwezi wa sita na saba si mchezo wadau, unaona mkono wako tu.

Mama amelishika swali hili moja, mengine hataki kuyasikia. Ana sababu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alivunjika mguu kwenye mteremko wa kuja Ipogolo, breki ya bodaboda aliyopanda ilikatika kebo. Chuma bado kimo mguuni. Mama aliponipigia simu alisema maneno machache tu: "Mimi sijui habari za sura. Nunua inayosimama." Nilikosa jibu kwa siku tatu.

Swali la nne babu hakuliuliza, nimeongeza mwenyewe kama mwalimu. Shule niliyofanyia mazoezi ina maabara kwa jina. Ni chumba chenye meza. Nilifundisha usumakuumeme kwa chaki: nikachora koili, nikachora sumaku, watoto wakanakili kama wanavyonakili ramani ya nchi ambayo hawataifika. Sasa fungua ubavu wa Honda ya babu. Sumaku inazunguka, koili zimekaa palepale, unaziona. Platini zinaachana, umeme wa volti chache unaingia koili nyingine na unatoka na maelfu ya volti, cheche inaruka kwenye plagi. Unamwambia mwanafunzi apige kiki, mwenzake ashike plagi kwa koleo yenye mpini wa mpira, na darasa zima linaona moto wa bluu. Mada ambayo niliimaliza kwa vipindi vinne bila mtu kuuliza swali, ningeimaliza kwa viwili na maswali yangejaa ubao. Ile mpya kazi hiyo hiyo inafanywa na kiboksi cheusi kilichozibwa. Kinafanya kazi vizuri kuliko platini, hakina cha kusafisha wala kurekebisha. Ila hakina cha kuonyesha.

Nimeweka kila kitu kwenye mizani. Nimeamua kuchukua Honda.

Siichukui kwa sababu ni ya zamani, na kusema kweli sura yake kwa sasa haimvutii hata kuku. Naichukua kwa sababu naimudu bila kumweka mama rehani, na kwa sababu nitakapopangiwa, popote, atakuwepo mtu wa kuifungua. Lakini swali la tatu nimelilipia kwanza. Nimemwambia fundi asiguse pistoni kabla ya breki na taa. Shuu mpya, kebo mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima, tairi mpya maana zile zina nyufa kama kisigino cha mkulima, halafu taa ihamishiwe kwenye betri isitegemee mwendo wa injini. Fundi anasema itabidi kufanya mabadiliko kidogo kwenye uchajishaji. Sawa. Rangi haiguswi. Kwenye tenki kuna mchubuko ambao babu anasema ni wa mwaka 1997, mwaka wa mvua kubwa, alipoanguka nayo kwenye udongo mwekundu akiwa na mitihani ya darasa la saba kifuani. Huo utabaki. Haudhuru mwendo.

Ile ya dukani siichukii. Kama ungeniuliza wewe mwenye kazi, mwenye mshahara, unayekaa mjini na unatembea lami usiku, ningekwambia ichukue, uwe na breki zake na ung'ae nayo. Angalia tu kwamba unalipia pikipiki na siyo picha. Na wewe mwenye Honda ya baba au ya babu bandani, usiingie barabarani na huzuni yako kabla fundi hajaangalia kebo. Mapenzi hayasimamishi gurudumu.

Mama hajakubali moja kwa moja. Jana usiku nilimsomea orodha ya fundi kwenye simu, kitu kimoja kimoja, mpaka bei. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema siku fundi akimaliza atakuja mwenyewe Ipogolo, aache biashara yake ya mboga nusu siku, asimame pale chini ya mteremko.

"Sitaki kuiona ikikimbia," akasema. "Nataka kuiona ikisimama."

Nimemwambia sawa mama. Jumamosi naenda Kilolo kuishusha, nimeshaongea na mwenye gari ya viazi, ataipakia juu ya magunia kwa elfu kumi na tano. Kuku itabidi ahamishiwe kiti.

Jumatatu kuna semina ya saikolojia ya elimu na sijafungua hata ukurasa. Kazi ipo! Panapo majaliwa nitawaletea habari za mteremko. Siku njema wadau.